Tarehe ya Mawe ya Samail

Samail imo katika bonde linaloigawa milima ya Hajar, Hajar ya Magharibi upande mmoja na ya Mashariki upande wa pili. Tangu zamani, aliyetoka Maskati kwenda Nizwa alipita hapa, baina ya majabali meusi na mashamba ya mitende yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji. Watu wa dini wanautukuza mji huu kwa ajili ya Mazin bin Ghadhuba, anayetajwa kuwa Muomani wa kwanza kusilimu. Wafanyabiashara waliujua kwa tende za Fardh, zilizopakiwa majahazini Maskati na katika karne ya 19 zikafika hadi Marekani. Wanajiolojia wa dunia nzima wanautaja kwa mawe yake, na tarehe hii ni ya mawe hayo, pamoja na mimea na wanyama waliokusanywa katika milima hii.

Wakusanyaji wa mwanzo walikuwa wageni. Mwaka 1838 Mfaransa Aucher-Éloy alipanda Jabal Akhdar kutafuta mimea. Mwaka huohuo akafariki Isfahan, na mimea aliyoikausha ikahifadhiwa Ulaya. Baada yake akaja Atmaram Jayakar, daktari wa Kihindi aliyekaa Maskati zaidi ya miaka 20 na kupeleka wanyama wengi katika makumbusho ya London. Mwaka 1894 mtaalamu Oldfield Thomas alimwandika tahr, mbuzi mwitu wa Hajar, kwa jina la daktari huyo: *jayakari*. Jina hilohilo wamepewa pia mjusi mmoja, nyoka mmoja na farasi-bahari mmoja. Wachungaji na wawindaji waliozijua njia za tahr kabla ya daktari yeyote hawakuachiwa nafasi katika majina hayo.

Kisha ikaja zamu ya mawe. Mwaka 1928 mjiolojia G. M. Lees alichapisha utafiti wake juu ya Oman, na yale majabali meusi akayaita kwa jina la Samail. Mwaka 1974 Ken Glennie na wenzake wa kampuni ya Shell wakatoa kitabu kikubwa cha jiolojia ya milima ya Oman. Leo ofioliti ya Samail, yaani sakafu ya bahari iliyopanda nchi kavu, inasomeshwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Ilitokea hivi. Miaka milioni 95 hivi iliyopita palikuwa na bahari iitwayo Tethys. Bamba la dunia lililobeba sakafu ya bahari likikutana na bara, aghalabu huzama chini yake. Hapa ilikuwa kinyume: sakafu ilipanda juu ya ukingo wa Arabia, ikabaki nchi kavu kwa urefu wa kilomita 500 hivi. Chini kabisa kuna peridotiti, jiwe la tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Juu yake gabro. Juu zaidi lava iliyoganda ndani ya maji. Kwengineko wataalamu hutoboa sakafu ya bahari wakitafuta kulifikia tabaka la peridotiti. Huku mtoto hulikanyaga akienda shambani.

Serikali ya Oman ilipoanza kujihesabia mali yake ya asili, mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1975 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa mimea na wanyama wa Jabal Akhdar. Mwaka 1985 Makumbusho ya Historia ya Asili yakafunguliwa Maskati, yakiwa na hifadhi ya mimea iliyokaushwa na ukumbi wa nyangumi. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikaanza kufundisha, na vijana wa Oman wakapata kuisoma milima yao wakiwa nyumbani. Waomani waliotoka Unguja hawakuona ajabu kwa nyumba ya makumbusho. Wengi walikwisha kuingia Beit al-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 1925.

Baina ya mwaka 2016 na 2018 wataalamu wa nchi nyingi, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, walitoboa mawe ya ofioliti ya Samail. Nguzo za mawe zilizotolewa zilisafirishwa hadi Japani, zikachunguzwa ndani ya meli ya utafiti Chikyu. Sababu mojawapo ni kwamba peridotiti hukamata hewa ya ukaa na kuigeuza jiwe; Peter Kelemen na Juerg Matter waliandika mwaka 2008 jinsi kazi hiyo ya maumbile inavyoweza kuharakishwa.

Elimu hii imeheshimu jina la Samail, na heshima hiyo itimizwe kwa watu wake. Kila skuli ya bonde hili iwe na kabati la mawe yake, kila jiwe na jina lake na umri wake. Wazee waulizwe wanavyoyaita majabali, chemchemi na majani ya dawa, na majibu yao yaandikwe katika daftari za chuo kikuu, na waliosema watajwe. Lililowapita wachungaji wa zama za Jayakar lisiwapite wajukuu zao.