Mtu wa Mwisho na Sheria ya Rangi: Historia ya Filamu Moja ya Mwaka 1959

Katika bunilizi za kisayansi kuna mhusika mmoja anayewatesa watunzi kuliko wengine wote, kwa kuwa hana wa kusema naye. Huyu ni mtu wa mwisho duniani. Msuko hutegemea mgogoro, na mgogoro huhitaji watu wawili au zaidi. Mtunzi anayeanza kwa kuwafisha walimwengu wote isipokuwa mmoja huwa amejinyima zana yake ya kwanza. Aghalabu humlazimu kumtafutia mhusika wake mwenzi kabla ya nusu ya hadithi kutimia. Hapo ndipo swali halisi la kipera hiki hujitokeza, nalo si swali la upweke. Ni nani na nani wanaoruhusiwa kuuanza ulimwengu upya? Filamu ya The World, the Flesh and the Devil, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1959, ililiuliza swali hilo waziwazi, kisha ikaogopa kulijibu. Woga huo una historia yake.

Kipera chenyewe ni kikongwe kuliko sinema. Mfaransa Jean-Baptiste Cousin de Grainville alikitungia kitabu kilichochapishwa mwaka 1805, na Mary Shelley akatoa riwaya yake, The Last Man, mwaka 1826. Katika riwaya ya Shelley tauni inawamaliza wanadamu mwishoni mwa karne ya 21, na Lionel Verney anabaki peke yake miongoni mwa magofu ya Roma. Mtunzi alikuwa mfiwa: mumewe, Percy, alizama baharini mwaka 1822, na rafiki yao Byron akafariki mwaka 1824. Wahusika wawili wakuu wa riwaya wanawakumbusha wasomaji watu hao wawili. Kwa Shelley, basi, mtu wa mwisho ni yule ambaye kaumu yake imekwisha naye akasazwa. Rangi ya Verney haikufanywa suala lolote, kwa sababu ilidhaniwa kuwa haina haja ya kutajwa.

Mwaka 1901 M. P. Shiel alichapisha The Purple Cloud. Shiel alizaliwa mwaka 1865 katika kisiwa cha Montserrat, visiwani Karibi, kisha akahamia Uingereza na kujipatia jina huko kwa uandishi. Mhusika wake anaitwa Adam Jeffson, jina ambalo halimfichi msomaji dhamira. Yumo safarini kuelekea Ncha ya Kaskazini wakati wingu la sumu linapoufagia ulimwengu. Anaporudi hupita akiiteketeza miji kwa moto kwa ajili ya kujifurahisha tu, na anapokutana hatimaye na msichana aliyesalimika, anakataa kwa muda mrefu kuishi naye kama mke. Hiyo ndiyo riwaya ambayo MGM ilisema filamu yake imetokana nayo. Hata hivyo, mtu akiziweka kazi hizo mbili bega kwa bega, atastaajabu jinsi zilivyoachana. Kilichosalia katika filamu ni sumu ya angani na ule ukataaji wa mwanamume. Mengine yote yametupwa.

Kazi inayofanana zaidi na filamu hii haikutajwa kabisa miongoni mwa majina yanayoonyeshwa mwanzoni mwake. Nayo ni hadithi fupi ya W. E. B. Du Bois, "The Comet", iliyomo katika kitabu chake cha Darkwater cha mwaka 1920. Jim, tarishi mweusi wa benki mjini New York, anatumwa kwenye vyumba vya chini kabisa vya kuhifadhia mali, mahali ambapo mtu wa thamani hatumwi. Akiwa humo, hewa yenye sumu kutoka kwenye mkia wa kimondo inaua kila aliye juu. Anatoka na kukutana na Julia, mwanamke mweupe tajiri. Saa baada ya saa, katika mji ulionyamaza, kila mmoja anaanza kumwona mwenzake kuwa mtu. Wanapokaribia kuungana, honi inalia: baba yake Julia amefika, nje ya mji watu wangali hai. Umati unakusanyika, na mara moja panasikika sauti ya kutaka yule mweusi anyongwe. Julia anaondoka. Jim anapewa pesa. Du Bois hakuhitaji zaidi ya kurasa chache kuonyesha kwamba ubaguzi ulikuwa umelala tu, na kwamba honi moja ilitosha kuuamsha.

Filamu ya 1959, iliyoongozwa na Ranald MacDougall, inaanzia vilevile chini ya ardhi. Ralph Burton, mkaguzi wa migodi, amefukiwa katika mgodi wa makaa ya mawe huko Pennsylvania. Anasikia wanaokuja kumwokoa, kisha hasikii kitu. Anajichimbulia njia mwenyewe, na magazeti yaliyotapakaa yanamweleza kwamba sumu ya atomiki imesambazwa angani. Anakwenda New York na kukuta njia za kuingilia mjini zimezibwa na magari yasiyo na watu. Sehemu hii, ambapo Harry Belafonte yu peke yake mbele ya kamera akiita na kujibiwa na mwangwi wa sauti yake mwenyewe katikati ya majumba marefu, ndiyo iliyo bora katika filamu nzima. Hakuna hata maiti moja mitaani. Hadhira ya leo yaweza kuiona hali hiyo kuwa kasoro ya uhalisia, na kwa kweli ni kasoro. Lakini kwa kuwaondoa wafu, MacDougall amebakisha mji kama ulivyojengwa, pamoja na kanuni zake.

Ralph anajitafutia nyumba, anarudisha umeme katika jengo lake na kuokoa vitabu visiharibike. Anajiletea pia masanamu mawili ya kuvalishia nguo dukani yawe wenzake. Moja ni la mwanamume mweupe anayetabasamu daima, na tabasamu hilo linamchosha hadi siku moja analitupa nje kutoka juu ghorofani. Chini barabarani mwanamke anapiga yowe, akidhani Ralph amejirusha. Hivi ndivyo anavyomfahamu Sarah Crandall, aliyeigizwa na Inger Stevens. Wawili hawa wanakutanishwa na kifo cha Mzungu wa plasta, na ingawa filamu hailisisitizi jambo hilo, ni vigumu kuamini kwamba lilitokea kwa bahati tu.

Yanayofuata ndiyo kiini cha kazi hii. Sarah anataka wakae jengo moja. Ralph anakataa, kwa hoja kwamba watu watasema. Watu gani? Sarah, katika kujidai yu huru, anatamka msemo uliokuwa wa kawaida kwa Wamarekani wa siku zile, msemo unaoutaja weupe kuwa sehemu ya uhuru. Haoni alichosema. Ralph ameona. Baadaye anamwomba amkate nywele, na mkasi unageuka kuwa chombo cha mateso kwa wote wawili. Katika siku yake ya kuzaliwa Ralph anamwandalia karamu hotelini, anavaa kama mhudumu, anamtengea meza na kumtumbuiza kwa wimbo, lakini Sarah anapomwomba aketi naye wale pamoja, anakataa: mhudumu haketi na wageni. Mtu mweusi ndiye anayeilinda sheria iliyomkandamiza! Wako watakaodai kwamba hapa filamu inamlaumu mwathiriwa. Madai hayo hayana mashiko. Sarah anaweza kuisahau sheria kwa sababu haikuwahi kumgharimu kitu. Ralph anaikumbuka kwa sababu kusahau kungeweza kumgharimu uhai. Karamu hiyo ni kejeli chungu, na Belafonte anaiigiza bila kuipunguza makali.

Kisha anafika Benson Thacker, baharia mweupe aliyeigizwa na Mel Ferrer, na filamu inateleza. Mgogoro uliokuwa baina ya mtu na kumbukumbu yake unageuzwa kuwa ugomvi wa wanaume wawili juu ya mwanamke mmoja. Wanawindana kwa bunduki katika mitaa mitupu hadi Ralph anafika mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa, anasoma maneno ya Nabii Isaya ya kufua panga ziwe majembe, na kuitupa bunduki yake. Benson anashindwa kumpiga risasi. Ralph anataka kwenda zake, Sarah anamshika mkono, kisha anamwita Benson na kumshika mkono wa pili. Wote watatu wanatembea wakienda, na kwenye kiwambo panaandikwa kwamba huo ndio mwanzo. Mwanzo wa nini? Watayarishaji waliogopa kumpa Sarah mume mweusi, wakaona haya kumpa mweupe, wakaishia kumpa wote wawili, jambo ambalo kwa kipimo chochote cha maadili ya wakati ule lilikuwa geni zaidi.

Woga huo haukuwa wa kubuni. Kanuni za maadili za sinema nchini Marekani zilikataza kuonyesha mapenzi ya weusi na weupe hadi ziliporekebishwa mwaka 1956. Katika Island in the Sun ya mwaka 1957, Belafonte na Joan Fontaine walipendana bila kubusiana. Mnamo Januari 1959, miezi michache tu kabla ya filamu hii kutolewa, mahakama ya Virginia iliwahukumu Richard na Mildred Loving kifungo cha mwaka mmoja kwa kuoana, ikakiahirisha kwa sharti kwamba waondoke jimboni kwa miaka 25. Mahakama Kuu ya Marekani ilipobatilisha sheria za aina hiyo mwaka 1967, majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Belafonte hakuwa mwigizaji tu. Kampuni yake, HarBel, ilishiriki kuitayarisha filamu. Bado hakuwa na mamlaka ya kuamua imalizike vipi.

Mwaka huohuo Belafonte alitia saini, pamoja na Sidney Poitier na Jackie Robinson, barua ya kuchangisha fedha za safari ya wanafunzi wa Kenya waliotafutiwa nafasi za masomo na Tom Mboya. Wanafunzi 81 walitua New York Septemba 1959, katika mji uleule ambao filamu ilikuwa imeufanya mtupu, wakitoka katika koloni ambako ubaguzi wa rangi haukuhitaji kuelezwa kwa mtu.

Warithi wa filamu hii walichukua njia mbalimbali. Night of the Living Dead ya mwaka 1968 ilirudi kwa Du Bois bila kumtaja: shujaa wake mweusi ananusurika usiku kucha, asubuhi anauawa na waliokuja kuokoa. Katika The Omega Man ya mwaka 1971, Charlton Heston na Rosalind Cash walibusiana. Nchini New Zealand, The Quiet Earth ya mwaka 1985 iliwarudisha watu watatu, safari hii Mmaori akiwa miongoni mwao. I Am Legend ya mwaka 2007 ilimweka Will Smith katika New York tupu, na suala la rangi likanyamaziwa.

Inger Stevens alifariki Aprili 1970. Baada ya kifo chake ndipo umma ulipopata kujua kwamba tangu mwaka 1961 alikuwa ameolewa na Ike Jones, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika filamu, na kwamba ndoa hiyo ilifichwa ili isiiharibu kazi yake.