Kibaba, Pishi na Lita: Maneno ya Ujazo katika Pwani ya Kilwa

Nangurukuru ni mahali ambapo njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi hukutana na njia iendayo Kilwa Masoko. Mtoto asomaye shule ya msingi katika sehemu hizo hufundishwa katika sayansi kwamba ujazo wa maji hupimwa kwa lita na mililita, na kwamba ujazo wa jiwe hujulikana kwa kulizamisha majini na kutazama maji yamepanda kwa kiasi gani. Mafundisho hayo ni sahihi. Lakini mara nyingi hutolewa kana kwamba kabla ya kufika lita pwani hii haikuwa na elimu yoyote ya ujazo. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ilikuwako, kwamba ilikuwa na maneno yake yaliyopangika, na kwamba tatizo lililoisumbua ndilo lile lile limkabililo mwalimu wa sayansi hata leo, yaani kutenga ujazo na uzito.

Tuanze na maneno yenyewe. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Na pishi 60 ni mzo mmoja. Hivi vyote ni vipimo vya chombo, navyo vilitumika hasa kwa nafaka. Upande wa pili twakuta wakia, ratli, mani na frasila, maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, na hivi ni vipimo vya mizani. Kilwa Kivinje ya karne ya 19, iliyokuwa bandari ya misafara itokayo pande za Ziwa Nyasa, ilizitumia jamii zote mbili za vipimo. Pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Nafaka ilikwenda kwa pishi. Kitenzi ni kimoja tu, kupima, nacho hakibagui. Kinachobagua ni jina la kipimo. Asemaye pishi amekwisha taja chombo, na asemaye frasila amekwisha taja mizani, wala hahitaji kuongeza neno.

Lugha ilikwenda mbali zaidi. Ilitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo wa chombo. Cha tele ni kile kilichoachiwa kichungu juu yake. Tofauti hiyo haikuwa ya urembo wa maneno, kwa maana kichungu ni mali, na mnunuzi na muuzaji walipaswa kukubaliana mapema ni kibaba gani kinachokusudiwa. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi aweke jicho lake sawasawa na uso wa maji ndani ya silinda ya kupimia anafundisha kanuni iyo hiyo, kwamba kipimo hakina maana mpaka ijulikane kinaishia wapi.

Ama ugumu ulitokea pale jamii hizi mbili zilipounganishwa. Ilizoeleka kusema kwamba mzo mmoja ni frasila 10, na kwa hiyo pishi moja ni karibu ratli 6. Kamusi za kale nazo zimezoea kuieleza pishi kwa njia mbili kwa pamoja: kwamba ni karibu nusu galoni, na kwamba ni karibu ratli 6 za nafaka. Hebu tuhesabu. Nusu galoni ya Kiingereza ni kama lita 2.27, ratli 6 ni kama kilo 2.72. Ikiwa maelezo yote mawili ni sawa, basi lita moja ya nafaka ingekuwa na uzito wa kilo 1.2, yaani ingekuwa nzito kuliko lita moja ya maji. Lakini mchele uliomiminwa katika chombo cha lita moja hauzidi sana kilo 0.8, kwa sababu baina ya punje na punje mna hewa. Kwa hiyo maelezo hayo mawili hayawezi kukaa ndani ya chombo kimoja cha mfuto. Ama chombo kilikuwa kikubwa kuliko nusu galoni, ama kilipimwa kwa tele, ama yote mawili. Mwanafunzi wa lugha asiyejua fizikia ataziandika tarakimu zote mbili asione kasoro.

Mfano wa pili wapatikana katika dini. Zaka ya fitri ni saa moja ya chakula kwa kila mtu, na saa hiyo, ambayo si saa ya wakati, ni kipimo cha chombo chenye mudi nne. Waswahili waliita saa pishi, na mudi wakaiita kibaba, na uwiano ulibaki ule ule wa nne kwa moja. Siku hizi watu wengi hutajiwa kilo, na wengi husikia kilo mbili na nusu. Lakini pishi ya mchele, pishi ya maharage na pishi ya tende hazilingani katika mizani. Kilichowekwa na sheria ni ujazo. Kilo ni tafsiri yake tu, na tafsiri hubadilika kwa kila chakula.

Isidhaniwe kwamba mkanganyo huu ni wa watu wa pwani peke yao. Lita ilizaliwa Ufaransa mwaka 1795, nayo ilikuwa ujazo wa mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Lakini mwaka 1901 wataalamu wa vipimo wa kimataifa waliieleza upya kuwa ni nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi, na lita ikazidi ule mchemraba kwa kiasi kidogo mno. Hata mwaka 1964 ndipo ilipotenganishwa tena na uzito na kurudishwa kwenye mchemraba wake. Kwa miaka 63, basi, lita ya wataalamu ilifanana na pishi yetu: chombo kilichoelezwa kwa mizani.

Na kuhusu vitu vigumu, njia ya kuvizamisha majini husimuliwa kwa jina la Archimedes. Yafaa mwanafunzi wa Kilwa ajue pia kwamba al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alitengeneza chombo chenye mdomo wa kumwagia, akatumbukiza ndani yake vito na madini, akapima maji yaliyotoka. Kwa njia hiyo aliweza kulinganisha uzito wa vitu vyenye ujazo sawa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Kwa sababu chombo hakijaondoka sokoni. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara neno kangomba limekuwa jina la ununuzi wa mazao, hasa korosho, nje ya utaratibu rasmi, na mara nyingi kwa chombo badala ya mizani. Neno hilo lilisikika nchi nzima mwaka 2018, Serikali ilipoingia kununua korosho. Lita moja ya ufuta ina uzito wa kama kilo 0.6 tu. Mkulima ambaye hakufundishwa kutenga ujazo na uzito hawezi kujua kichungu cha juu ya bakuli kimemgharimu kiasi gani, wala bei ya bakuli inalingana vipi na bei ya kilo.

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania tangu mwaka 1967, na msamiati wa ujazo, kimiminika na mililita umetengenezwa vizuri. Lakini ujazo latokana na kujaa na kujaza, vitenzi ambavyo mtoto alivijua kabla ya shule, katika methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu aweke mezani kibaba kando ya silinda. Mtoto ajaze mchele, aufute, aupime kwa lita, kisha aupime kwa kilo. Halafu afanye vivyo hivyo kwa ufuta. Atakapoona kwamba tarakimu ya kwanza haikubadilika na ya pili imebadilika, atakuwa amepata somo la fizikia, na atajua la kusema siku atakapoletewa bakuli.