Ketamini katika tiba ya sonona

Ketamini ni dawa ya nusukaputi iliyotengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens wa Marekani. Kwa kipimo kidogo hutibu pia sonona sugu, sambamba na tiba ya mazungumzo. Katika hospitali za wilaya nchini Tanzania inajulikana zaidi kwenye chumba cha upasuaji, kwa kuwa haizimi pumzi kirahisi.

Kwa sonona, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito hupitishwa kwenye dripu kwa dakika 40. Nafuu huja ndani ya saa chache, ilhali vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa. Lakini nafuu hiyo haikai, na ndiyo sababu ya kuwahi kuzungumza na mgonjwa akili ikiwa imetulia. Daktari wa akili wa Urusi, Evgeny Krupitsky, aliijaribu njia hiyo ya dawa na mazungumzo kwa walevi mjini Leningrad tangu 1985. Ushahidi kwamba dawa na mazungumzo pamoja huishinda dawa peke yake bado ni haba.

Ketamini hupandisha presha, huleta njozi, na ikizoeleka huweza kuharibu kibofu. Isichomwe nje ya hospitali.