Kosa la Rubani na Chimbuko la Taaluma ya Uzoefu wa Mtumiaji

Taaluma inayoitwa siku hizi uzoefu wa mtumiaji, yaani uchunguzi wa namna mtu anavyokielewa, anavyokishika na anavyokitumia kitu kilichotengenezwa na wengine, pamoja na nduguye usanifu wa taarifa, unaohusu kupanga maandishi, tarakimu na alama ili zisomeke bila kukosewa, huhesabiwa na wengi kuwa mzaliwa wa zama za kompyuta. Hesabu hiyo inaiondolea taaluma sehemu bora ya historia yake. Mizizi yake ya karibu imo katika maabara za jeshi la anga la Marekani za miaka ya 1940, ambamo wanasaikolojia wachache walikataa kuridhika na maneno mawili yaliyokuwa yakifunga kila faili la ajali, yaani "kosa la rubani", wakaanza kuuliza ni kitu gani ndani ya ndege kilichomfanya mtu mwenye akili timamu na mafunzo ya kutosha akosee. Mengi yaliyofuata, kuanzia simu ya vitufe hadi menyu za fedha katika simu za mkononi, yametokana na kuihamisha lawama kwa namna hiyo kutoka kwa mtumiaji kwenda kwa mtengenezaji.

Kabla ya hapo kazi kubwa ya saikolojia jeshini ilikuwa kuchagua watu. Tangu Vita Kuu ya Kwanza wataalamu walitunga mitihani ya kupima akili, macho na wepesi wa mikono, kwa imani kwamba mashine ni kitu kilichokwisha kukamilika na kwamba lililobaki ni kumtafuta binadamu anayeifaa. Vita vya Pili viliivunja imani hiyo, kwa kuwa ndege zilizidi kuwa za kasi na zenye vyombo vingi, na hata marubani waliochujwa kwa uangalifu mkubwa waliendelea kuziharibu kwa makosa yaliyofanana mno. Makosa yakitawanyika ovyo, mtu anaweza kuwatuhumu wakosaji mmoja mmoja. Lakini yanapojirudia kwa sura ileile, katika aina ileile ya ndege, mikononi mwa watu wasiofahamiana, chanzo chake lazima kitafutwe pengine.

Mmoja wa waliokitafuta ni Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyepelekwa katika Maabara ya Tiba ya Anga huko Wright Field, karibu na mji wa Dayton, jimboni Ohio. Aliarifiwa kwamba marubani wa ndege za aina ya B-17, P-47 na B-25, baada ya kutua salama na wakiwa bado wanakimbia juu ya njia ya kurukia, walikuwa wakikunja magurudumu ghafla na kuiangusha ndege kwa tumbo, hali walichokusudia kilikuwa kupandisha flapu, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoshushwa ili ndege iweze kuruka polepole inapotua. Marubani wa ndege ya uchukuzi ya C-47 hawakuwa na tatizo hilo. Chapanis alipoingia ndani ya vyumba vya marubani aliona jambo ambalo kila fundi alikuwa akipita mbele yake kila siku: katika ndege zenye ajali hizo, kidhibiti cha magurudumu na kidhibiti cha flapu vilikaa ubavu kwa ubavu na kufanana kwa umbo, na katika C-47 vilitofautiana kabisa. Rubani aliyechoka, macho yake yakiwa nje dirishani, alikuwa anaombwa na mashine atofautishe kwa vidole vitu viwili visivyo na tofauti.

Tiba aliyoipendekeza haikuhitaji mafunzo mapya wala adhabu. Kidhibiti cha magurudumu kilivishwa kirungu cha mpira chenye umbo la gurudumu, na cha flapu kikapewa ncha ya umbo la kabari, mithili ya bawa, hivyo mkono ukajua umeshika nini kabla ya jicho kugeuka. Kanuni za kuidhinisha ndege kubwa za abiria nchini Marekani bado zinadai maumbo ya namna hiyo, na abiria anayepanda ndege leo kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi anasafiri nyuma ya rubani ambaye mkono wake unaongozwa na uamuzi uliofanywa wakati wa vita ile.

Paul Fitts, aliyeongoza tawi la saikolojia katika maabara hiyohiyo, aliupa uchunguzi wa aina hii utaratibu wa kisayansi. Mwaka 1947 yeye na Richard Jones walitoa ripoti mbili zilizotokana na masimulizi ya marubani wenyewe, ambao waliombwa waeleze kosa walilowahi kulitenda au kumwona mwenzao akilitenda. Ripoti ya kwanza ilichambua masimulizi 460 kuhusu vidhibiti, na ikaonyesha kwamba nusu yake yalikuwa makosa ya kubadilisha, yaani mtu kushika kidhibiti kimoja akidhani ni kingine. Sababu mojawapo ilikuwa rahisi kiasi cha kuumiza moyo. Vishikio vitatu vya injini, kile cha nguvu, kile cha propela na kile cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, vilipangwa kwa mfuatano tofauti katika ndege za B-25, C-47 na C-82, na rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine alichukua mazoea ya mkono wake akayapeleka mahali ambapo mazoea hayo yangeweza kumuua. Wachunguzi hao walitia maneno "kosa la rubani" katika alama za kunukuu kwenye vichwa vya ripoti zao, na katika maandishi ya kijeshi ya wakati ule hilo lilikuwa tamko la ujasiri.

Ripoti ya pili, iliyochambua masimulizi 270 kuhusu kusoma vyombo, ni miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa ya usanifu wa taarifa kwa maana tunayoielewa leo. Chombo kilichosumbua sana kilikuwa altimita, kipimo cha kimo cha ndege, ambacho kilikuwa na uso wa duara wenye tarakimu 0 hadi 9 na mishale mitatu: mrefu wa mamia ya futi, mfupi wa maelfu, na mdogo kabisa wa makumi ya maelfu. Ndege ikiwa kwenye futi 9,800, mshale mrefu unaelekea 8, mfupi unakaribia kabisa kugusa 0, na mdogo unakaribia kabisa kugusa 1. Msomaji mwenye haraka anaunganisha 1, 0 na 8, akasoma futi 10,800. Kosa la futi 1,000 usiku, juu ya milima, halina nafasi ya kusahihishwa. Mwaka 1949 Walter Grether, wa maabara hiyo pia, alilinganisha miundo kadhaa ya altimita, akaona kwamba ile ya mishale mitatu iliwachukua marubani kama sekunde 7 kuisoma, na zaidi ya mara 10 katika kila 100 waliisoma vibaya kwa futi 1,000 au zaidi, ilhali kuonyesha kimo kwa tarakimu zilizoandikwa moja kwa moja kulipunguza muda hadi chini ya sekunde 2 na makosa karibu yote yakatoweka. Taarifa iliyotolewa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha hesabu ambayo msomaji alilazimika kuifanya kichwani.

Vita vilipokwisha elimu hii ilitoka kambini. Mwaka 1949 Chapanis, pamoja na Wendell Garner na Clifford Morgan, alichapisha kitabu cha kwanza cha kufundishia taaluma hiyo, na mwaka huohuo chama cha watafiti wa ergonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi na vifaa vyake vimfae binadamu, kikaanzishwa Uingereza. Fitts naye mwaka 1954 alitoa kanuni inayobeba jina lake, isemayo kwamba muda wa kufikia shabaha kwa mkono unategemea umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Ndiyo inayoeleza kwa nini kitufe kidogo kilicho mbali humchelewesha mtu, na katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Xerox waliitumia kupima kifaa kipya kilichoitwa kipanya.

Aliyeiingiza elimu hiyo majumbani ni John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg, aliyesoma Cape Town kabla ya kwenda Marekani, na ambaye mwaka 1947 aliunda katika maabara za Bell idara ya kuchunguza matakwa na uwezo wa watumiaji wa simu. Kazi zake nyingi zilikuwa za vitu vidogo. Simu ya kuzungusha ilipoundwa upya kwa kuhamishia tarakimu nje ya gurudumu lake, watu walianza kupiga namba polepole zaidi, kwa kuwa jicho halikuwa na kitu cha kulenga ndani ya tundu. Karlin alishauri kitiwe kitone cheupe chini ya kila tundu, na kasi ikarudi.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa mpangilio wa vitufe. Mashine za kuhesabu za ofisini zilikuwa tayari na desturi ya kuweka 7, 8 na 9 juu, na wahandisi wangeweza kuifuata pasipo kumuuliza mtu. Badala yake, Mary Lutz na Chapanis, katika utafiti wa mwaka 1955, waliwapa watu vitufe vitupu na kuwataka waonyeshe wanatarajia kila tarakimu ikae wapi, na wengi waliziweka kama wanavyosoma, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kushuka chini. Kisha Richard Deininger, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1960, alijaribisha mipangilio mingi kwa wafanyakazi wa maabara, akipima kasi, makosa na mapendeleo yao. Tofauti kati ya mipangilio iliyofanya vizuri ilikuwa ndogo, lakini ule wa safu za tatu tatu wenye 1, 2 na 3 juu ulihesabiwa miongoni mwa bora, nao ndio uliochukuliwa. Simu za vitufe zilianza kutolewa kwa wateja jimboni Pennsylvania tarehe 18 Novemba 1963, zikiwa na vitufe 10. Alama ya nyota na alama ya reli ziliongezwa mwaka 1968, ili zitumike kwa huduma za baadaye ambazo bado hazikuwa zimebuniwa.

Hata hivyo, somo lililopatikana angani lilisahaulika mahali ambapo halikupaswa kusahaulika. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, vali moja ilikwama ikiwa wazi na kumwaga maji ya kupoozea kwa zaidi ya saa mbili. Kwenye ubao wa kuongozea palikuwa na taa ya vali hiyo, na taa ilizimika, hivyo wahudumu wakaamini kwamba vali imefungwa. Taa ile haikuwa ikieleza hali ya vali. Ilikuwa ikieleza tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Miongoni mwa wataalamu walioitwa kuchunguza alikuwa Donald Norman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, aliyesomea kwanza uhandisi wa umeme, na aliyefikia uamuzi kwamba wahudumu wale walikuwa na akili na bidii, na kwamba chumba chao kilipangwa kana kwamba kilikusudiwa kuwakosesha.

Kitabu cha Norman kuhusu vitu vya kila siku, kilichotoka mwaka 1988, kiliwafikishia wasomaji wa kawaida mafundisho hayo kupitia milango, majiko na mabomba: kwamba umbo la kitu lionyeshe kinavyotumika, na kwamba kila tendo lilete mrejesho, yaani dalili ya kweli ya kilichotokea. Mwaka 1993 alijiunga na kampuni ya Apple, na cheo alichojipangia humo, mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, ndicho kilicholieneza jina la taaluma. Lakini mwenye kuisoma historia hii asimpite Lucy Suchman, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Xerox, ambaye kabla ya kitabu chake cha mwaka 1987 aliwarekodi kwa video watafiti mabingwa wa kompyuta wakihangaika kutoa nakala za pande mbili kwenye mashine ya kampuni yao wenyewe. Wachunguzi wa Wright Field walitegemea masimulizi na vipimo. Suchman alikaa na watu kazini mwao, akaonyesha kwamba mtumiaji hafuati mpango uliomo kichwani mwa mtengenezaji, bali huamua hatua kwa hatua kulingana na anachokiona mbele yake.

Mbinu hiyo ya kukaa na watu ndiyo iliyoleta matunda Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 2005 Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa kushirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walianza majaribio ya huduma ya M-Pesa kwa wateja wapatao 500 jijini Nairobi na mjini Thika. Lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Huduma iliwekwa ndani ya kadi ya simu ili ifanye kazi katika simu yoyote ya bei nafuu, na menyu yake ikawa na Kiswahili. Waendeshaji walipowafuatilia wateja waliona mambo ambayo hawakuyapanga: watu walilipiana madeni, wafanyabiashara walitumiana fedha, na wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Wapo pia waliosahau namba ya siri au kuikosea. Mambo ya mikopo yaliyoifanya huduma kuwa nzito yaliachwa, na Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya ikiwa na ahadi moja, kutuma fedha nyumbani; Tanzania iliipata mwaka 2008, na kule vitufe vya nyota na reli vilivyoongezwa mwaka 1968 vikawa mlango wa huduma za fedha kwa mamilioni ya watu.

Kosa la kubadilisha alilolihesabu Fitts lilifuata humohumo, katika sura ya fedha zilizotumwa kwa namba isiyokusudiwa. Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa kumwambia mteja awe makini, kisha apige simu huduma kwa wateja akiomba muamala urudishwe. Baadaye Safaricom ilianzisha Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha muamala. Ni hatua sahihi, ijapokuwa inategemea bado kwamba mtu mwenye haraka, aliyesimama kituoni daladala au matatu ikimsubiri, atalisoma jina kabla sekunde hizo hazijaisha.