Nyongeza katika Nyumba za Mawe za Lamu

Mtu aingiapo mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, huenda akadhani kwamba nyumba zake hazikubadilika tangu zijengwe. Sivyo. Nyumba hizo ziliongezwa kizazi baada ya kizazi, na lugha yenyewe yashuhudia. Binti alipoolewa, desturi ilikuwa baba kumjengea orofa juu ya nyumba yake, au nyumba nyingine karibu. Na nyumba mbili zilizotengwa na njia ziliunganishwa kwa wikio, yaani chumba kipitacho juu ya njia hiyo.

Nyongeza hizo zilipatana na nyumba ya asili kwa kuwa zilifuata kipimo kimoja. Boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari ya upana uzidio mita 3 hivi. Kwa hiyo msana na ndani vilikuwa virefu na vyembamba, na chumba kipya kilishika kadiri ile ile.

Saruji na nondo zimeliondoa sharti hilo. Tena saruji ipakwapo juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa huzuia unyevu usitoke, na ukuta ukamomonyoka.

Basi atakaye kuongeza chumba leo asiige zidaka tu; na aanze kwa upana wa boriti na kwa chokaa. Nyumba zikipotea, neno wikio litabaki katika kamusi, wala hatutakuwa na cha kumwonyesha aulizaye maana yake.