Dreamcast: mashini ya michezo iliyozimwa 2001, na wapenzi ambao bado wanaingojea

Dreamcast ni mashini ya michezo ya video ya kampuni Sega ya Japani. Ilitoka kwenye soko la Japani tarehe 27 Novemba 1998. Miaka miwili na miezi michache kisha, tarehe 31 Januari 2001, Sega ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Robo karne imepita, lakini habari ya kwamba Dreamcast ya pili iko njiani haiishi kuzunguka kwenye intaneti. Haifiki. Hata hivyo wenye kuipenda hawajachoka, na wengi wao hawakuketi tu kungoja.

Kwa mtu aliyefuata mpira wa Ulaya miaka ile, jina hili si geni. Sega ilikuwa mfadhili wa Arsenal ya London kuanzia 1999 hadi 2002, na neno Dreamcast lilikuwa kifuani mwa Nwankwo Kanu na Thierry Henry. Kuko watu wengi waliojua jina kwa njia ya jezi, bila kuiona mashini yenyewe hata siku moja.

Ilizaliwa namna gani

Sega ilikuwa kampuni kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya mashini Mega Drive na mchezo wa Sonic. Kisha ikaanza kukosea. Mwisho wa 1994 ilitoa kifaa kinachoitwa 32X, cha kuongeza nguvu ya Mega Drive, na haukupita muda mrefu ikakiacha. Mwezi wa Mei 1995, mu Marekani, ikatoa mashini Saturn kwa ghafla, miezi kadhaa mbele ya tarehe iliyokuwa imetangazwa, kwa bei ya dola 399. Maduka ambayo hayakupewa habari yalikasirika. Wakati uleule Sony ikasema PlayStation yake itauzwa dola 299.

Wazazi waliokuwa wametoa feza zao kwa 32X, kisha kwa Saturn, walijifunza somo kali. Aliyeumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Kwa hiyo Dreamcast ilikuja na kazi mbili: kucheza vizuri, na kurudisha imani ya wateja.

Ndani yake kulikuwa nini

Kwa wakati wake ilikuwa mashini ya nguvu. Ilikuwa na prosesa ya Hitachi ya megahezi 200, memori ya megabaiti 16, na sehemu ya picha ya aina PowerVR iliyotengenezwa na NEC. Ilikuwa na nafasi za manete nne, hivi kwamba marafiki wanne wangeweza kucheza pamoja bila kununua kifaa kingine.

Mambo mawili yaliishangaza dunia. La kwanza ni modemu iliyokuja pamoja na mashini, ya kuingia intaneti kwa njia ya laini ya simu, wakati nyumba nyingi hata za Ulaya hazikuwa bado na intaneti. La pili ni kadi ya kuhifadhia mchezo, inayoitwa VMU. Ilikuwa na kiyoo chake kidogo na vibonyezo vyake. Mtu aliichomeka ndani ya manete, ao aliiweka mfukoni na kuchezea njiani.

Mu Marekani ilitoka tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199. Ndani ya saa 24 za kwanza ziliuzwa mashini zaidi ya 225,000. Michezo yake mingi bado inatajwa mpaka leo: Sonic Adventure, Soulcalibur, Crazy Taxi, Jet Set Radio, Shenmue. Phantasy Star Online, iliyotoka Desemba 2000, ilikutanisha wachezaji wa inchi mbalimbali kwenye mchezo mmoja, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Hata NBA 2K, ambayo vijana wanaijua sana leo, ilianzia kwenye Dreamcast mwaka 1999.

Kwa nini ilikufa

Sababu haikuwa moja.

Kwanza, PlayStation 2. Sony iliitoa mu Japani tarehe 4 Machi 2000. Ilisoma pia filamu za DVD, na wakati ule mashini ya DVD peke yake ilikuwa bei kali. Familia ilinunua kitu kimoja kwa kazi mbili. Dreamcast haikuweza kusoma DVD. Wengine walikataa kununua Dreamcast hata mbele ya PlayStation 2 kufika, wakingoja tu.

Pili, Electronic Arts, kampuni kubwa ya michezo ya mpira na ya spoti zingine, ilikataa kutengeneza hata mchezo mmoja kwa Dreamcast. Mwenye kutaka FIFA ilibidi aende kwingine.

Tatu, wizi wa michezo. Sega ilitumia diski ya aina yake, yenye kubeba karibu gigabaiti 1, ikifikiri hakuna atakayeweza kuikopia. Lakini iliacha mlango mwingine wazi. Mashini ilikubali kusoma sidi za kawaida za mtindo unaoitwa MIL-CD, uliokusudiwa kwa muziki wenye picha na menyu. Mwaka 2000 wajuzi wakavumbua kwamba kwa njia hiyo unaweza kuchezesha mchezo uliokopiwa kwenye sidi ya kawaida, bila kufungua mashini wala kubadilisha kitu ndani.

Nne, feza. Sega ilikuwa imepata hasara miaka kadhaa mfululizo. Mkubwa wake, Isao Okawa, aliitolea kampuni hisa zake zenye thamani ya karibu dola milioni 700, na akasamehe deni alilokuwa akiidai. Alikufa tarehe 16 Machi 2001, wiki chache tu baada ya tangazo la kuizima Dreamcast. Bila zawadi ile, wengi wanaamini Sega yenyewe ingefungwa.

Mashini zilizouzwa duniani kote zilifikia kama milioni 9. PlayStation 2 ilipita milioni 150. Sega ikageuka kuwa kampuni ya kutengeneza michezo kwa mashini za wengine, na Sonic akaingia kwenye mashini za Nintendo, adui wake wa zamani.

Vita ile iligusa pia Kivu

Mashindano ya mashini hizi yalichezewa mbali, lakini hayakuwa mbali kabisa. Ndani ya simu, ordinatere na mashini za michezo kuko vipande vidogo vya kushika umeme, na vingine vinatengenezwa kwa tantalum, madini inayotoka kwenye koltani. Mwaka 2000, wakati viwanda vya elektroniki viliomba madini hiyo kwa wingi, bei yake iliruka kwenye soko la dunia. PlayStation 2 ilikuwa kati ya bidhaa zilizotajwa sana habari hiyo ilipoelezwa, ingawa haikuwa peke yake, na simu za mkono zilikuwa na sehemu kubwa.

Mu Kivu watu wengi waliacha jembe wakashika chepe. Vikundi vyenye silaha vilijitajirisha kwa biashara ile. Mwaka 2001 bei ikaanguka, mwaka uleule Dreamcast ilipozimwa. Mchimbaji hakuwa na mtu wa kumwandikia barua ya kuomba bei irudi.

Wapenzi walifanya nini

Wenye kuipenda Dreamcast walianza kwa kuomba. Waliandika maombi kwenye intaneti, wakakusanya majina, wakachora wenyewe picha za mashini mpya. Sega haikujibu kwa mashini. Basi wengine wakashika kazi wenyewe.

Mlango ule wa sidi za kawaida, uliosaidia wezi kuua mashini, ndio uliosaidia wapenzi kuiweka hai. Kwa sababu Dreamcast inakubali sidi yoyote iliyotayarishwa vizuri, mtu anaweza kuitengenezea mchezo bila kuomba ruhusa ya Sega. Wajuzi waliandika programu za bure za kusaidia kazi hiyo, na inayojulikana zaidi inaitwa KallistiOS. Kutoka hapo ikatoka michezo mipya, kama Sturmwind ya watengenezaji wa Ujerumani, iliyouzwa mwaka 2013, miaka 12 baada ya mashini kuzimwa. Desemba 2024 kikundi cha wapenzi kilionyesha Grand Theft Auto III ikicheza kwenye Dreamcast, mchezo ambao haukuwahi kuuzwa kwa mashini hiyo.

Walitengeneza pia vipuri. Kisomea diski kinachoka kwa uzee, basi kukatengenezwa kipande kinachokaa mahali pake na kusoma michezo kutoka kwenye kadi ndogo ya memori, kama ile ya simu. Batri ndogo ya ndani, inayoshika saa na tarehe, inakufa kisha miaka, na mashini inaanza kuuliza tarehe kila inapowashwa. Leo mwenye kujua kushika pasi ya kulehemu anaibadilisha kwa dakika chache. Na kwa sababu laini za simu za zamani zimekwisha katika nyumba nyingi, mtu mmoja alitunga programu ya ordinatere ndogo aina Raspberry Pi inayojifanya kuwa ni laini ya simu. Modemu ya 1999 inadanganyika na kuingia intaneti ya leo. Michezo kadhaa, kama Phantasy Star Online, inachezwa tena kwa njia hiyo, kwenye seva zinazolipwa na wapenzi wenyewe.

Wakati kungoja kulizaa matunda

Shenmue ni mfano mzuri. Hadithi yake ilikatika katikati baada ya sehemu ya pili mwaka 2001. Wapenzi walingoja miaka 14. Mwezi wa Juni 2015 mtungaji wake, Yu Suzuki, aliomba mchango wa watu, na zaidi ya dola milioni 6 zikapatikana kutoka kwa watu karibu 69,000. Sehemu ya tatu ilitoka tarehe 19 Novemba 2019. Waliocheza hawakukubaliana kama ni nzuri. Wengine walisema mchezo umebaki kwenye mwaka 2001, na wengine walisema ndicho walichotaka.

Desemba 2023 Sega ilitangaza kwamba Crazy Taxi na Jet Set Radio zitarudi kwa sura mpya. Hapo linaonekana jambo ambalo wapenzi wengi hawapendi kulisikia: Sega inarudisha michezo, hairudishi mashini.

Je, itarudi?

Mwaka 2019 Sega ilitoa Mega Drive ndogo yenye michezo ndani yake, na 2022 ikatoa ya pili. Wapenzi wakasema: inayofuata ni Dreamcast ndogo. Lakini Dreamcast inahitaji vipande vya nguvu zaidi, na gharama inapanda. Mwaka 2024 Shuji Utsumi, mmoja wa wakubwa wa Sega, ambaye alifanya kazi ya Dreamcast tangu mwanzo, alieleza kwamba njia ya mashini ndogo za ukumbusho si njia yake, na kwamba anatafuta wachezaji wa leo. Kutengeneza mashini mpya kabisa ya kushindana na Sony, Microsoft na Nintendo ni gharama ya mabilioni ya dola, na Sega inakumbuka ilivyoumia.

Kwa hiyo, anayesikia kwamba Dreamcast mpya inatengenezwa na anaombwa kutoa feza, achunguze kwanza. Jina Dreamcast ni mali ya Sega, na habari ya kweli itatoka kwa Sega. Mwaka 2016 kulikuwa mradi ulioitwa Coleco Chameleon, wa kurudisha mashini ya mtindo wa zamani. Wapenzi walichunguza picha ya mfano ulioonyeshwa wakaona kwamba ndani ya ganda kumewekwa kipande cha ordinatere cha kunasia picha za video. Mradi ukafa mwezi wa tatu mwaka uleule. Waliouvumbua udanganyifu ni wapenzi wenyewe, kwa sababu walijua mashini ndani na nje.

Anayetaka kuonja Dreamcast leo hahitaji kuagiza mashini kutoka Japani. Kuko programu ya bure inayoitwa Flycast, inayofanya simu ya Android ao ordinatere ijifanye Dreamcast. Michezo ya zamani bado iko na wenyewe kisheria, lakini kuko michezo mipya ambayo watungaji wake wanaigawa bure. Hata muji ambako umeme unakatika kila jioni, simu yenye batri iliyojaa inatosha kwa saa moja ao mbili.

Tarehe za kukumbuka

- 27 Novemba 1998: Dreamcast inatoka Japani.
- 9 Septemba 1999: inatoka Marekani, dola 199.
- 4 Machi 2000: PlayStation 2 inatoka Japani.
- 31 Januari 2001: Sega inatangaza kuiacha.
- 16 Machi 2001: Isao Okawa anakufa.
- 2013: Sturmwind inatoka, bila ruhusa ya Sega na bila kuihitaji.
- 19 Novemba 2019: Shenmue III inatoka, kwa mchango wa watu.
- Desemba 2024: wapenzi wanaonyesha Grand Theft Auto III kwenye Dreamcast.