Rosa Mistika na Hukumu ya Msomaji

Kanisa halikuanza jana kutumia hadithi ili kufundisha maadili. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni lilianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, lililodumu hadi 1937. Filamu moja ilihusu akiba: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini zinaibwa, mwenzake anaziweka Benki ya Akiba ya Posta. Mtazamaji anajua upesi nani mpumbavu, wala haulizwi neno juu yake mwenyewe.

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepata kusoma seminari, ilifuata njia nyingine. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya zinaa yaliyomo, baadaye iliruhusiwa. Walioihofu waliiona dhambi ya Rosa. Lakini kabla ya dhambi hiyo yupo Zakaria, baba mlevi, ampigaye binti yake kwa sababu ya barua ya kijana. Anamlinda kwa fimbo pasipo kumlea. Rosa afikapo chuoni Morogoro, mbali na fimbo ile, hana kingine cha kumwongoza. Mwishowe anajiua, na mwandishi anawapeleka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu.

Ndivyo alivyofanya Nathani (2 Samweli 12). Daudi alimkasirikia mwizi wa mwana-kondoo, akatoa hukumu kabla hajatambua kuwa mshtakiwa ni yeye.

Hapa kwetu Singida jambo hili si la vitabuni tu. Tumezoea kuona binti aliyepata mimba akitengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu na kurudi kundini, huku baba yake akiendelea kuketi katika baraza la wazee. (Kijana aliyehusika mara nyingi hatajwi kabisa.) Serikali nayo iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida mwaka 2021, miaka 50 baada ya riwaya hii kutoka.

Tumeisoma pamoja na wanafunzi wetu wa uchungaji. Wengi walianza kwa kumhukumu Rosa. Tulipofika kwa Zakaria darasa lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza kama wazee wa kanisa wangekubali kusomewa habari za kipigo kile. Tulimwambia ajaribu usharikani kwake, katika juma la kipaimara, wazazi wakiwapo.